Dakika Nzima

Mkunga anayeijua kazi yake haanzi na sikio, anaanza na mikono. Mama amekwisha kwenda haja ndogo, amelala chali, amekunja magoti kidogo ili tumbo lilegee. Mkunga amesimama kuliani kwake, amesugua viganja visiwe baridi, na sasa anaviweka juu kabisa ya tumbo, chini ya mbavu. Anatafuta kilichoko huko: matako, ambayo ni laini na hayana umbo kamili, au kichwa, ambacho ni kigumu na hucheza peke yake kikisukumwa. Anashuka ubavuni kwa mikono miwili, mmoja umetulia, mwingine unabonyeza, mpaka ajue mgongo uko upande gani na viguu vinavyorusha mateke viko upande gani. Hatua hizi zina jina la daktari wa Kijerumani, Leopold, na kila mwanafunzi wa ukunga huzikariri kwa namba, ya kwanza mpaka ya nne. Kwa mkunga aliyezeeka kazini huwezi tena kuona moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi.

Mikono ikitafuta, mdomo nao uko kazini. "Mama, kunja magoti. Mutoto iko nacheza muzuri?" "Iko nacheza, mama." Ni Kiswahili cha Katanga, cha haraka na cha kirafiki, na jibu hilo ndilo kipimo cha kwanza cha siku. Mtoto anayecheza ana nguvu. Mkunga atalihitaji jibu hilo baada ya dakika chache, iwapo sikio litamletea habari ya kutisha.

Ndipo anapochukua pembe. Ni faneli ya mti, ya aluminiamu au ya plastiki, haifiki shubiri moja kwa urefu, yenye mdomo mpana upande mmoja na bapa lenye tundu upande wa pili. Adolphe Pinard, mzalishaji wa Paris, aliitengeneza mwaka 1895, na tangu hapo umbo lake halijabadilika kwa kiasi cha kutajwa. Mkunga anaweka mdomo mpana pale alipoupapasa mgongo, karibu na bega la mtoto, anainama huku uso umeelekea miguuni mwa mama, anaweka sikio kwenye bapa, halafu anaiachia pembe. Hapo ndipo wanafunzi wengi wanapokwama. Wanaishikilia kwa vidole wakiogopa itaanguka, na vidole vinakwaruza, na mkwaruzo unafunika kila kitu. Mwenye uzoefu anaibana kwa uzito wa kichwa chake tu. Mkono mmoja sasa uko huru kushika saa yenye mshale wa sekunde. Wa pili unakwenda kwenye kifundo cha mkono wa mama, vidole viwili juu ya mshipa.

Mkono huo wa pili, ulio juu ya mshipa wa mama, ndio ninaotaka kuusifu hapa. Mtu anayetazama kutoka mlangoni angedhani mkunga anamshika mama kwa huruma, na pengine huruma imo. Lakini kazi yake ni kuhesabu mioyo miwili kwa wakati mmoja, mmoja kwa sikio na mwingine kwa vidole, na kuitenga.

Ninaandika nikiifikiria Mokambo, mji wa mpakani katika teritwari ya Sakania, jimbo la Haut-Katanga, Kongo. Ng'ambo ni Zambia, na Mufulira, mji wa migodi, hauko mbali. Hapo ndipo inapoanzia ile barabara ya Pedicle, kama kilomita 70 ndani ya ardhi ya Kongo, ambayo Wazambia wa Copperbelt huikatisha kwenda Luapula. Mahali pa namna hii mkunga hupokea kila aina ya mama: mke wa dereva wa lori, mchuuzi aliyevuka asubuhi na atakayerudi jioni, mkulima anayesema Kilamba au Kibemba nyumbani na Kiswahili sokoni. Wengine hawatarudi wiki ijayo. Hospitali ya Jason Sendwe na Kliniki za Chuo Kikuu ziko Lubumbashi, na Lubumbashi ni safari yenye nauli, siku za kukosa kazi, na watoto wa kuachiwa jirani. Sikio lisipokamata jambo leo, huenda lisipate nafasi nyingine.

Desturi yenyewe ya kwenda kupima mimba ina mizizi ya zamani Katanga. Miaka ya 1920, kampuni ya migodi ya Union Minière du Haut-Katanga ilipoacha kutegemea vibarua wa muda na kuanza kuwaweka wafanyakazi kambini pamoja na wake zao, ilianzisha huduma za wajawazito na watoto wachanga. Hesabu ilikuwa ya mgodi: mtoto anayekua leo ni mchimbaji wa kesho. Sioni sababu ya kuificha nia hiyo. Lakini wanawake waliichukua huduma wakaifanya yao, na imewapita wakoloni, ikapita na kuporomoka kwa Gécamines, mrithi wa Union Minière, miaka ya 1990, mishahara ilipokatika na zahanati za kampuni zikabaki na kuta.

Nini kinasikika ndani ya pembe? Kwanza kabisa, si moyo. Kuna mvumo wa damu ya mama ikipita katika mishipa ya mji wa mimba, na mvumo huo huenda sawasawa na mshipa wa mama. Kuna matumbo yanayonguruma. Kuna, mara nyingine, mvumo mwembamba zaidi wa kitovu, unaofuata moyo wa mtoto. Mlango ukiwa wazi kuna injini za malori, na mkunga mwenye busara ataufunga mlango na kumwomba shangazi aliyemsindikiza mama anyamaze kidogo. Chini ya hayo yote kuna kitu kidogo, cha mbali, cha haraka, kinachogonga mara mbili mbili. Hizo ni vali za moyo wa mtoto zikijifunga.

Daktari wa Paris, Jacques-Alexandre Le Jumeau de Kergaradec, alikuwa anatafuta sauti nyingine kabisa alipoweka stethoskopu juu ya tumbo la mjamzito mwaka 1821, miaka mitano tu baada ya Laennec kuibuni. Alitaka kusikia maji yakichezeshwa na mtoto. Badala yake alisikia mapigo ya haraka kuliko ya mama, akayahesabu, akaelewa. Kule Geneva, François Mayor alikuwa ameyasikia mwaka 1818 kwa sikio tupu. Ninawapenda watu hawa wawili kwa jambo moja: kwamba hawakuishia kusikia, waligundua kuwa sauti hii si ya mama. Ugunduzi mzima umo katika kutenganisha, na kila mkunga anayeweka vidole juu ya mshipa anaurudia.

Moyo wa mtoto tumboni hupiga kati ya mara 110 na 160 kwa dakika. Wapo wanaohesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa nne, hasa kliniki ikiwa na foleni. Pigo moja lililokosewa hapo linakuwa manne. Baya zaidi, pigo lililorukwa linaweza kuangukia nje ya zile sekunde 15 na lisijulikane kabisa. Dakika nzima ni ndefu mno kwa mtu aliyeinama na mgongo unaomuuma, na ndiyo maana ninaithamini. Ndani ya dakika nzima moyo unajieleza: unaongeza mwendo mtoto akirusha teke, unapungua kidogo, unarudi. Moyo wenye afya huyumbayumba, na sikio lililozoea husikia kule kuyumba kabla hata ya kumaliza kuhesabu.

Sasa tuseme mimba ina wiki 26, na pembe inaleta mapigo 60. Ni thabiti, yana nguvu, hayaongezeki wala hayapungui, hata mtoto anapopiga teke chini ya mdomo wa pembe.

Fikra ya kwanza ni kwamba huyo ni mama anayesikika. Vidole vinajibu: mama ana 88. Basi si mama. Hapa mkono ule wa pili umeshafanya kazi ambayo hakuna kitu kingine chumbani kingeweza kuifanya. Bila huo, mkunga angebaki na moja kati ya makosa mawili. Angeweza kuandika kwamba amesikia mapigo ya mama tu na moyo wa mtoto haukupatikana, maneno ambayo familia huyaelewa kwa namna moja. Au angeweza kuhamisha pembe huku na huku mpaka apate sauti yoyote ya kumridhisha, aandike 140 kwa mazoea, na mama aende zake.

Fikra ya pili ni kwamba mtoto anakufa. Moyo wa mtoto aliyekosa hewa hushuka, na kushuka huko ni dharura. Lakini mtoto huyu anacheza. Mama amesema hivyo mwenyewe, na teke limepiga pembe. Hakuna uchungu wa kuzaa, hakuna damu, chupa ya maji haijapasuka. Mkunga anangoja dakika chache, anasikiliza tena. Sitini. Anamgeuza mama alalie ubavu wa kushoto, anasikiliza mara ya tatu. Sitini.

Fikra ya tatu wakunga wengi hawajawahi kufundishwa, na hilo si kosa lao, kwa maana hali hii hupatikana kwa mtoto mmoja kati ya 15,000 hadi 20,000 wanaozaliwa. Mtu anaweza kuzalisha maisha yake yote asikutane nayo. Ni kwamba moyo wa mtoto huyu umekatika njia yake ya umeme, na kilichoikata kimetoka katika damu ya mama.

Moyo una vyumba viwili vya juu na viwili vya chini. Amri ya kupiga huzaliwa juu, hupita katika kifundo kidogo kilichoko katikati, ambacho Mjapani Sunao Tawara alikieleza mwaka 1906, kisha husambaa chini. Hakuna njia nyingine. Kifundo hicho kikifa, inakuwa kama kizuizi cha forodha kilichoteremshwa na mwenye ufunguo akaondoka: upande huu malori yanazidi kufika, 140 kwa dakika, na hakuna linalopita, upande wa pili madereva waliokwishavuka wanajiendea kwa mwendo wao, 50 au 60, hawana habari ya foleni iliyo nyuma yao. Vyumba vya juu na vya chini vinapiga katika kifua kimoja bila kusikilizana.

Kilichokiua kifundo ni kingamwili. Kwa kawaida kingamwili hupigana na vijidudu. Kwa baadhi ya watu, kinga ya mwili hukosa shabaha na kuanza kuushambulia mwili wenyewe, na baadhi ya kingamwili hizo zilizopotoka hulenga protini mbili za seli ziitwazo Ro na La, majina yaliyotokana na herufi za mwanzo za majina ya wagonjwa ambao damu yao ilisaidia kuzigundua. Wanawake wenye lupasi, mojawapo ya magonjwa ya kinga ya namna hiyo, huwa nazo mara nyingi, na vilevile wenye ugonjwa wa Sjögren, ule unaokausha macho na mdomo. Wengine wengi wanazo na hawana dalili hata moja. Kuanzia wiki ya 12 hivi, kondo la nyuma huanza kumpitishia mtoto kingamwili za mama. Huo ni ulinzi mkubwa, maana ndiyo humkinga mchanga na surua na pepopunda katika miezi yake ya kwanza. Kondo halina uwezo wa kuchagua. Linapitisha zinazolinda pamoja na zinazoumiza. Zile za Ro zikifika katika moyo unaoumbika, huwasha uvimbe, uvimbe huacha kovu, na kovu hukiziba kifundo, hasa kati ya wiki ya 18 na ya 24.

Si kila mama mwenye kingamwili hizi hupata mtoto wa namna hii. Ni kama wawili kati ya 100. Wale 98 huzaa watoto wenye moyo mzima, na hili linapaswa kusemwa kwa sauti kwa kila mwanamke mwenye lupasi anayeogopa kushika mimba.

Elimu hii ilikuja polepole. Mwaka 1901 Luis Morquio wa Montevideo aliandika juu ya watoto wa familia moja waliokuwa na mapigo ya chini yasiyobadilika. Mwaka 1928 daktari Aylward alieleza habari ya mama mmoja mwenye ugonjwa uliomvimbisha tezi za mate na machozi, ambaye watoto wake wawili walikuwa na moyo wa polepole. Alikuwa ameweka mama na watoto katika ukurasa mmoja, na uhusiano ulikuwa hapo mbele ya macho ya kila msomaji. Ilichukua zaidi ya miaka 50 kuukamata: ni mwaka 1983 ndipo kingamwili za Ro zilipofungwa rasmi na hali hii. Mpaka leo, mara nyingi mtoto ndiye humtambulisha mama. Mwanamke aliyedhani ana uchovu wa kawaida, na viungo vinavyouma asubuhi kwa sababu ya jembe, anapata jina la ugonjwa wake kwa sababu mtu alihesabu mapigo ya mwanawe.

Kwa hiyo neno la kwanza ambalo mama huyu anahitaji kusikia, kabla ya maelezo yoyote ya protini, ni kwamba hakuna alichokula, alichobeba wala alichotenda kilicholeta jambo hili. Mkunga mzuri hulisema mbele ya mume na mbele ya mama mkwe, kwa makusudi, wakiwa wamekaa wote.

Turudi kwenye sikio, kwa sababu lina mpaka na mpaka huo una maana. Pembe husikia vali, na vali zenye kelele ni zile zinazofungwa na vyumba vya chini vikijikaza na kulegea. Vyumba vya juu havina sauti ya kufika nje. Mkunga hawezi kusikia ile 140 inayoendelea juu bila kupita. Kwa hilo inatakiwa ekografi, mashine inayoonyesha picha ya ndani kwa mawimbi ya sauti, na mtu anayejua kuelekeza mstari wake upite katika chumba cha juu na cha chini pamoja: skrini itaonyesha ukuta mmoja ukitetemeka haraka na mwingine ukienda taratibu. Ekografi itaonyesha pia kama maji yamejaa kuzunguka moyo, mapafu au tumboni mwa mtoto, dalili kwamba moyo unashindwa. Mapigo yakishuka chini ya 55 hatari huongezeka. Yakibaki 60 au 70, na maji hayapo, mtoto huyo mara nyingi anaweza kubebwa mpaka miezi itimie.

Hapa ndipo hodari na mwoga wanapotengana. Mwoga, akisikia 60, anapiga kelele ya dharura, na mtoto wa wiki 30 anaweza kutolewa kwa kisu akiwa na moyo ambao haukuwa na shida ya hewa hata kidogo, na sasa ana mapafu machanga juu ya moyo wa polepole. Hodari anasikia 60 ileile na anamtuma mama kwa haraka lakini bila hofu, akiwa na karatasi iliyoandikwa sawasawa. Tofauti yao haiko masikioni, iko katika kujua kuna jambo la tatu.

Mtu ataniuliza, kwa nini kuisifu pembe ya mti wakati kuna mashine? Ni swali la haki na limepimwa Afrika Mashariki yenyewe. Kule Kampala, katika hospitali ya Nsambya, watafiti waligawa kwa bahati nasibu karibu wanawake 2,000 waliokuwa katika uchungu: kundi moja lilisikilizwa kwa pembe ya Pinard, kundi la pili kwa Dopla, mashine ndogo inayotoa sauti ya moyo wa mtoto, ya kuzungusha kwa mkono, isiyohitaji umeme wa ukuta. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Dopla ilikamata mapigo yasiyo ya kawaida mara nyingi zaidi, lakini vifo vya watoto havikutofautiana. Tanzania nako, Temeke na Muhimbili na Haydom, wamejaribu mashine ndogo ya Kinorwe iitwayo Moyo, inayofungwa tumboni na kuonyesha namba, na ambayo ina uwezo wa kupima mshipa wa mama pia. Nilifurahi kusoma hilo la mwisho. Waliobuni mashine walijua kwamba namba ya mtoto bila namba ya mama haiaminiki, wakaingiza ndani ya plastiki kile ambacho wakunga wamekuwa wakifanya kwa vidole viwili. Mashine ikifika Mokambo, ipokelewe kwa mikono miwili, na ifike pamoja na betri zake na mtu wa kuitengeneza. Aliyejifunza kwa pembe ataitumia vizuri kuliko asiyejifunza kwa kitu chochote.

Habari iliyonigusa zaidi imetoka Marekani. Huko mama anayejulikana kuwa na kingamwili za Ro hufanyiwa ekografi ya moyo wa mtoto kila wiki moja au mbili. Tatizo ni kwamba kifundo kinaweza kutoka uzima hadi kufa katika muda usiozidi siku moja, na wiki ni ndefu mno. Daktari wa moyo wa watoto, Bettina Cuneo, na wenzake waliwafundisha akina mama wenyewe. Kila mmoja alipewa Dopla ya mkononi, akaambiwa asikilize moyo wa mwanawe nyumbani mara mbili kwa siku, tangu wiki ya 18 hadi ya 26, na apige simu akisikia mwendo usioeleweka. Walichapisha matokeo mwaka 2018: kati ya wanawake 273, mioyo mitatu ilikatika njia. Mmoja kati ya watoto hao alikamatwa ndani ya saa 12, njia ikiwa haijafunga kabisa. Mama akapewa dawa, na mapigo yakarudi. Nchi yenye mashine za kila namna imelazimika kurudi kwenye sikio la mtu aliyetulia, anayejua sauti ya kawaida na kwa hiyo anajua ilipoacha kuwa ya kawaida. Mkunga wa mpakani angewaelewa wanawake hao kwa neno moja.

Dawa zenyewe ni chache. Njia ikishafunga kabisa, hakuna kilichowahi kuifungua. Deksamethasoni imejaribiwa na haikufufua kifundo kilichokufa. Mtoto huzaliwa na moyo wake wa polepole. Karibu mmoja kati ya watano hufa, wengi kabla ya kuzaliwa au katika miezi ya mwanzo, na walio hai, karibu theluthi mbili huwekewa betri ya moyo, ile inayouamuru upige, mapema au baadaye. Upele ambao kingamwili hizohizo huweza kuleta usoni mwa mchanga, kuzunguka macho, hufifia na kutoweka kufikia miezi sita au minane, kingamwili za mama zikishaisha mwilini mwake. Kifundo hakirudi. Betri za moyo huwekwa Dar es Salaam katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015, na Kampala katika Taasisi ya Moyo ya Uganda. Chuo Kikuu cha Michigan nacho kimefanya utafiti, Kenya ikiwa mojawapo ya nchi zilizoshiriki, wa kusafisha upya betri zilizotolewa kwa marehemu na kuwawekea wasio na uwezo wa kununua mpya. Kutoka Mokambo zote hizi ziko mbali kwa kiasi kinachouma, na ninaliandika hili kwa uchungu, maana sikio linaweza kufanya sehemu yake yote na bado mtoto akakosa waya na betri.

Kwa mimba inayofuata, lakini, kuna habari njema, na si ya bei kubwa. Mama aliyepata mtoto mmoja wa namna hii ana hatari ya karibu 18 kati ya 100 kumpata wa pili. Haidroksiklorokwini, ndugu ya klorokwini chungu ambayo wazazi wetu waliimeza kwa malaria, ikianzwa kabla ya wiki ya 10 kwa miligramu 400 kila siku, imeonekana kuishusha hatari hiyo hadi 7 hivi kati ya 100, kwa utafiti wa Marekani uliotoka mwaka 2020. Haimkatazi mama kunyonyesha.

Ili dawa hiyo imfikie, mtu atakayempokea mama Lubumbashi lazima ajue amwulize nini na ampime nini, na hilo linategemea karatasi atakayokuja nayo mkononi. Nimeona karatasi nyingi za rufaa zenye maneno mawili tu: moyo dhaifu. Mkunga ninayemsifu huandika hivi: umri wa mimba kwa wiki, mapigo ya mtoto 60 kwa dakika nzima, yamesikilizwa mara tatu, thabiti, mshipa wa mama 88 wakati huohuo, mtoto anacheza, hakuna uchungu. Kisha, kwa kuwa amemwuliza mama maswali yale machache akiwa bado amelala, anaongeza mstari wa mwisho: macho makavu tangu mwaka jana, vidole vinavimba asubuhi, mimba ya kwanza ilitoka miezi sita. Anaandika tarehe, anatia saini, anamkabidhi mama karatasi hiyo na kumweleza aionyeshe kwa nani, na kwamba aombe irudishwe na majibu, aje nayo atakapokuwa na mimba nyingine.